Ambatanisha Kivuli

Fomu inauliza, kwa maneno yasiyozidi mia mbili na hamsini:
Nini kilitokea? Na nini kimebadilika?
Delphia Stamper, miaka ishirini na tisa,
amekaa ndani ya gari nje ya duka anakofanya kazi,
kompyuta mapajani, injini ikinguruma kwa ajili ya joto,
na theluji ya Kentaki inaziba kioo cha mbele
kabla hajaandika neno.

Hesabu anaijua. Ameirudia nyuma ya risiti:
uniti alizojiandikisha, ishirini na nne;
alizofaulu, kumi na sita.
Gawanya. Sitini na sita nukta sita, sita, sita,
sita zinazofuatana kama mabehewa ya makaa
kwenye reli ya nyuma ya nyumba yao, mgodi ulipokuwa hai:
utotoni aliyahesabu kitandani,
akasinzia kabla ya la mwisho.
Chuo kinataka sitini na saba.
Theluthi moja ya asilimia moja.
Wembamba wa ukucha, na nyuma yake
ada, vitabu, mafuta ya gari, muhula mzima.

Kozi mbili alijitoa mwezi Novemba.
Mshauri alimwambia: jitoe, usifeli,
kujitoa hakuharibu wastani.
Kweli, hakukuharibu.
Ila hakuna aliyemwambia kwamba aliyejitoa
huhesabiwa kuwa alijaribu,
na aliyejaribu asimalize
huachiwa herufi moja, W,
mabonde mawili na kilima kifupi katikati,
ramani kamili ya kwao.
Kujikwaa si kuanguka, walisema wahenga wetu.
Hawakuwahi kupanga foleni ofisi ya misaada ya masomo.

Anaandika: Baba yangu aliumwa.
Anafuta.
Anaandika: Baba yangu, Verlin, alichimba makaa miaka thelathini na mmoja,
kisha makaa yakamchimba yeye.
Anafuta. Imependeza mno, watadhani anawachezea.
Anaandika: Mtungi wa oksijeni uliisha saa nane za usiku,
nikaendesha maili arobaini kutafuta mwingine.
Asubuhi yake palikuwa na mtihani wa anatomia.
Hilo analiacha.

Hasemi kwamba anasomea upigaji picha za eksirei.
Kwamba wiki ya tatu, mwalimu Ratliff aliwasha ubao wa mwanga,
akabandika kifua cha mtu asiye na jina,
akauliza: mnaona nini?
Wenzake wakaona mbavu.
Yeye akaona kile kivuli cheupe
kinachotambaa juu ya mapafu,
akajua hata namna mtu yule anavyosimama katikati ya ngazi
akijifanya anatazama mlima.
Somo lile alipata A. Halimo kwenye swali.

Swali la pili: nini kimebadilika
ili tatizo hili lisijirudie?
Anacheka peke yake, cheko fupi, baya.
Anaandika: Hawezi kufa tena.
Kidole kinakaa juu ya kitufe, muda mrefu.
Wanyusha theluji wanapita, wanarudi.
Anafuta. Anaandika:
Hali ya familia yangu sasa imetulia.

Mwisho: ambatanisha kivuli cha cheti cha kifo.
Chenyewe kimo ndani ya kopo la chakula la baba,
chini ya taa ya kofia, na leo amekuja nacho, kopo na vyote.
Mashine ya dukani ni senti kumi na tano kwa ukurasa.
Karatasi inatoka ya moto, nyeusi pembeni,
mstari umekatiza juu ya jina la marehemu.
Anatia senti tena. Cha pili
hakikuwa bora kuliko cha kwanza.
Meneja anagonga saa yake ya mkononi.
Anapiga picha, anatuma, anafunga aproni.
Kivuli kilichobaki anakikunja mara mbili,
anakisukuma katikati ya kitabu cha anatomia
ambacho, akikosa msaada, ni lazima akirudishe.

Majibu, wanasema, ndani ya siku kumi na nne za kazi.
Masomo yanaanza Jumatatu.